Kiatu cha Kulia

Kibanda kinapanda dakika sita, kinashuka sita.
Katikati ya hapo, kitini pangu kando ya swichi nyekundu,
nafuma.

Mji wetu umelala korongoni kama kitu kilichodondoka,
na waya ndio ngazi yetu: chini soko na daktari wa meno,
juu nyumba za wachimbaji, nguo zikiganda barafu kwenye kamba.
Miaka ishirini na tisa nabonyeza swichi hii.
Waya naujua kwa sauti. Ukikazwa mno hulia,
ukilegea hunyamaza, na kimya ndicho cha kuogopa.

Uzi nimeutoa kwenye sweta la Zauri.
Kule aliko haliulizii.
Alilivaa mgodini miaka yote, likanuka manganizi
hata baada ya kufuliwa mara tatu.
Nikalifumua kuanzia shingoni,
mkono mmoja ukiachia upesi, mwingine ukibisha,
na uzi ukabaki na mawimbi, bado unamkumbuka mtu.
Nikaulowesha, nikauning'iniza bafuni na kitasa kizito
ili unyooke. Ulinyooka. Karibu wote.

Cha kushoto nilikianza mwezi wa kwanza.
Mnyororo wa vitanzi kumi na viwili, vitatu tundu moja kwenye ncha,
zunguka, rudi, zunguka: hiyo soli,
ndefu kama kidole changu cha shahada.
Kisha kuta zikasimama, kisha pua ikainama.
Mzee Shalva, abiria wa saa mbili, akagonga kioo:
"Lamara, tunakwenda au tunafuma?"
"Vyote," nikamjibu. "Keti."
Nilikuwa na miezi mitatu mkononi. Nani angenikimbiza?

Simu ikalia usiku wa kuamkia Jumatano, kutoka Kutaisi.
Sauti ya mkwe wangu, si ya Maka.
Mapema, akasema. Wiki ya ishirini na tisa. Sanduku la kioo, lenye joto.
Na barabara imefungwa kwa theluji mpaka asubuhi.

Mikono isiyoweza kufanya lolote, ifanye nini?
Nikafuma cha kulia.
Sikulia.
Sindano ileile ya kroshia, namba tatu. Uzi uleule.
Hesabu ileile, naitaja kwa sauti,
kumi na viwili, kumi na viwili, kama mtu anayedaiwa.
Kulipokucha nikaviweka mezani pamoja
nikacheka kicheko ambacho si changu:
cha kulia kilikuwa kifupi kwa unene wa kidole,
kigumu kama ganda la jozi, kimesimama chenyewe.
Kila kitanzi nilikuwa nimekinyonga.

Na mimi ndiye yule anayefumua soksi nzima
kwa kosa la tundu moja.
Nikavifunga vyote viwili kwenye gazeti.

Nilimwona kupitia kioo. Mwekundu, mikunjo mitupu,
mfupi kuliko mkate wetu wa asubuhi.
Muuguzi Dodo akatazama viatu, akatazama miguu.
"Mama," akasema, "hivi ni vya mtu mzima."
Akaondoka na cha kulia kukichemsha,
maana pale hata pumzi wangeichemsha;
kesho yake kikarudi kikavu, kimezidi kusinyaa.
Akaingiza mguu mmoja. Akafikiri.
Akaingiza na wa pili.
Miguu miwili, kiatu kimoja,
vidole vikipapasana mle gizani.
Alirusha teke, nililiona. Kiatu hakikuvuka.

Jumatatu nimerudi kwenye swichi.
Shalva kaingia na theluji yake mabegani.
"Leo hufumi?"
Nikatoa cha kushoto mfukoni.
Akavua glavu, akatumbukiza vidole vitatu,
akavichezesha mle ndani kwa uzito wote wa hakimu.
"Kipana hiki," akasema.
"Atakua," nikasema,
nikabonyeza.